Waya wa Mkwe

Mzee wa Kanisa alikuwa na waya wa jiko la umeme kabla hajawa na jiko la umeme, na alikuwa na swichi ya mkwe kabla mwanawe hajamtazama msichana yeyote zaidi ya kumsalimia. Hapa mtaani kwetu Uyole, Mbeya, watu walilifupisha jambo hilo kwa msemo uliodumu kuliko baadhi ya nyumba: "Mzee anavuta waya, mtoto havuti jiko." Kila ajuaye Kiswahili anajua kuvuta jiko ni kuoa. Mzee naye alijua. Aliusikia msemo huo dukani akiwa ananunua chumvi, akageuka, akasema bila kutabasamu, "Waya kwanza. Jiko halivutwi mahali pasipo na waya." Akachukua chumvi yake, akaenda zake.

Mimi ni jirani yake. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, na kwa kuwa baridi ya hapa haina likizo, mimi pia sina. Safari yangu ndefu ni kwenda kununua uzi, na nikifika tu huko dukani naanza kupakumbuka nyumbani. Dirisha langu linatazama uani kwake. Kwa hiyo habari za dunia mniulize kidogo, lakini habari za ua ule nazijua kama aya za kipaimara. Elimu yangu ni kidato cha nne, na somo la Fizikia tuliachana kwa amani, hakuna aliyemwelewa mwenzake. Nalisema hilo mapema ili nikikosea jambo la umeme, kosa lihesabiwe langu, lisihesabiwe la Mzee. Yeye hakupenda makosa ya watu wengine yaandikwe kwa jina lake.

Alikuwa mzee wa kanisa kweli, si kwa heshima tu. Aliongoza kamati ya ujenzi kwa muda mrefu kiasi kwamba hata nje ya kanisa alizungumza kama mtu anayefunga kikao. Ukimsalimu asubuhi, "Ugonile, Mzee," alijibu, akasimama kidogo kuona kama kuna ajenda nyingine, na kama haipo aliendelea na safari. Ukimtania, hakucheka. Alisema, "Nimelipokea." Siku moja nilimwambia koti lake limezeeka mpaka linastahili kustaafu na kiinua mgongo. Akalitazama koti, akanitazama mimi, akasema, "Nimelipokea." Baada ya wiki kadhaa alikuja dirishani kwangu na koti lile lile, akasema kamati imekaa, koti linaongezewa muda.

Alikuwa na msemo wake mwingine ambao mafundi wote wa mtaa huu wanaujua: "Ukuta unatinduliwa mara moja." Maana yake ni kwamba ukishapiga plasta na rangi, usirudi tena na tindo kuchimba njia ya waya uliousahau. Mtu mwenye akili huweka njia zote siku moja, hata za vitu asivyokuwa navyo, hata za vitu ambavyo havijafika dukani. Mzee aliamini hivyo juu ya ukuta, na nadhani aliamini hivyo juu ya maisha pia, jambo ambalo ndilo lililomletea taabu baadaye, maana maisha yanatinduliwa kila siku.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyu wa kupanga aliishi miaka yote ya ndoa yake na jiko lenye soketi moja.

Hiyo soketi ilikuwa nyuma ya mlango. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa mama mnene mwenye sauti ndogo, na ili achemshe maji kwa birika la umeme ilimbidi achomoe friji, na ili achomoe friji ilimbidi afunge mlango, na akifunga mlango moshi wa mkaa unabaki naye ndani. Akitaka vyote viwili anavuta waya mrefu kutoka sebuleni, unapita chini ya mkeka. Wakiwasha pasi na birika pamoja, nyumba nzima inazima. Swichi kubwa ilikuwa sebuleni, juu ya kiti cha Mzee, na sebuleni kulikuwa na kikao cha wazee. Mama wa watu anaingia na mikono yenye unga, "Samahani, wazee wangu," anapanda kigoda, anainua swichi, anashuka, anatoka. Wazee wanaendelea kujadili umeme wa kanisani. Kanisani, kwa taarifa yenu, kila nguzo ina soketi. Hakuna mtu aliyewahi kuchomeka kitu katika nguzo zile isipokuwa fundi wa kinanda.

Habari hii alinieleza Mzee mwenyewe, tukiwa tumesimama uani kwake, siku mafundi walipoanza kubomoa lile jiko la zamani. Mkewe alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Aliniambia, jirani," alisema, "'Baba, siku utakayonijengea jiko, nitakuwa nimekufa.'"

 Nilidhani anahitaji kufarijiwa, nami si hodari wa kazi hiyo.

"Alisema kweli," akaendelea. "Alikuwa mtu wa kusema kweli." Kisha akamwita fundi, akamwambia tofali lile si la pale, asilipange upande ule.

Basi jiko jipya likaanza, na kuanzia hapo mimi sikufuma sana.

Mzee alitaka jiko la mtu ambaye hajafika. Mwanawe wa pekee alikuwa anafanya kazi kiwandani Mgololo, kule wanakotengeneza karatasi, analala kwenye chumba cha wafanyakazi, na kila akija kumwona baba yake alikuja na shuka la kufuliwa, hakuja na mchumba. Mzee hakumuuliza. Alimjengea. Hesabu yake ilikuwa rahisi na aliisema wazi kwa yeyote aliyeuliza: nyumba ya mtu mmoja si nyumba, ni kituo. Akipatikana mkwe, atataka jiko. Akilikuta jiko, atakaa. Akikaa, kijana atakuwa anarudi kwao, na yeye Mzee hatakufa peke yake akiwa ameshika kijiko cha uji wa jana. Hakulisema hilo kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayetaja vipimo.

Fundi wa umeme alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Alitaka kuweka soketi mbili na taa, amalize. Mzee akamwambia anataka waya mnene, wa milimita sita, utoke kwenye boksi la swichi moja kwa moja mpaka jikoni bila kupitia popote, kwa ajili ya jiko la pleti nne lenye oveni.

"Jiko lenyewe liko wapi, Mzee?"

"Halijanunuliwa."

"Sasa si tungoje linunuliwe?"

"Wewe ukijenga choo unangoja tumbo likuume?"

Fundi akavuta waya wa milimita sita. Akavuta na mwingine wa soketi za juu ya meza, mbali na sinki. Akaweka swichi kubwa nyekundu ya jiko, na Mzee akakataa isikae juu ya jiko, ikae pembeni, maana mtu mafuta yakimwakia hawezi kupitisha mkono juu ya moto kwenda kuzima. Halafu akaagiza paipu tupu mbili zipite ukutani zisizo na waya wowote, zenye kamba tu ndani, ili siku ikija mashine ambayo sisi hatuijui, mtu afunge waya kwenye kamba, avute upande wa pili, bila kugusa plasta. Fundi akauliza hizo paipu ni za nini.

"Sijui," Mzee akasema. "Ndiyo maana ni tupu."

Boksi la swichi aliliondoa sebuleni, akaliweka kwenye korido, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Kila kiswichi akakiandikia jina kwa kalamu ya wino mzito. Taa. Soketi. Pasi. Na kile kikubwa cha jiko akakiandika Mkwe. Mwanawe alipokuja na shuka lake akaliona jina lile, akasimama mbele ya boksi kwa muda, akamuuliza baba yake huyu Mkwe ni nani.

"Amperi thelathini na mbili," Mzee akamjibu.

Hapa inabidi nieleze jambo, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini boksi lilihamishwa na kwa nini yaliyofuata yalifuata. Mzee ni wa kule Rungwe, Mnyakyusa. Kwa mila za kwao wazee, mke wa mwana na baba mkwe hawakutani. Hawatazamani, hawapishani mlangoni, hawatajani majina. Mkwe akisikia kikohozi cha mzee anaacha njia, anaingia migombani mpaka mzee apite. Si chuki, ni heshima, tena kubwa. Siku hizi wengi wameachana nayo. Na Mzee wa Kanisa mwenyewe, kwa masikio yangu, nimemsikia akihubiri jioni ya vijana kwamba mila zinazowakimbiza watu ndani ya nyumba moja zimepitwa na wakati. Alihubiri vizuri. Akarudi nyumbani akapanga jiko ambalo mkwe wake angeweza kupika, kuoka, kuchemsha na kuinua swichi iliyoanguka maisha yake yote bila kumwona baba mkwe hata kisigino.

Nilimuuliza juu ya hilo. Nilimwambia, "Mzee, si ulihubiri?"

"Nilihubiria vijana," akasema. "Mimi si kijana."

Siku ya kupima vimo vya soketi nilipewa kazi. Mzee alitokea dirishani akasema kamati inahitaji mtu wa kike mwenye urefu wa kawaida. Nikasema asante, ni mara ya kwanza umbo langu kuhitajika na kamati. Nikaenda. Nikasimamishwa mbele ya ukuta mtupu pale ambapo meza ingekuwa, nikaambiwa nijifanye nakanda unga. Nikakanda hewa. Fundi akiwa na chaki, Mzee akiwa mlangoni.

Na mara tu nilipoanza kukanda, Mzee akanigeuzia mgongo.

"Mwambie anyooshe mkono wa kulia," akamwambia fundi.

"Nyoosha mkono wa kulia," fundi akaniambia, ilhali wote tuko chumba kimoja.

"Mwulize kama ana mtoto mgongoni mkono unafika?"

"Mzee, nakusikia," nikasema.

Hakugeuka. "Mwambie ajibu kwako."

Nikajibu kwa fundi. Nikafungua oveni isiyokuwepo, nikainama, nikainuka na mtoto asiyekuwepo, fundi akaweka alama zake za chaki, na Mzee akatazama mwembe wa jirani wa upande wa pili kwa utulivu mkubwa. Tulipomaliza nikatoka nje, nikapita mbele yake, akaniambia, "Ndaga fijo, jirani. Umetusaidia." Nikawa jirani tena. Lakini kwa nusu saa nilikuwa mkwe wa mtu, na niseme ukweli, kwa umri wangu, na wateja wangu wakiwa watoto wa shule, ndiyo ndoa ndefu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Kitu cha mwisho alichoweka kilikuwa kengele. Hili alilipanga baada ya kugundua kosa. Boksi limehamishwa, mkwe hana haja ya kwenda sebuleni, sawa. Lakini chumba cha Mzee kiko upande wa mbele na bafu liko upande wa nyuma, na korido ni moja, na mlango wa jiko uko katikati. Mtu wa umri wake huenda bafuni mara nyingi kuliko anavyokwenda kanisani. Kwa hiyo akaweka kitufe kando ya mlango wake, na kengele jikoni. Kabla ya kutoka atabonyeza. Kengele italia. Mkwe atajua mzee anapita, atafunga mlango au atatokea uani. Mzee atapita, atarudi, maisha yataendelea kwa heshima.

Nilipoambiwa nikaona ni akili sana. Naandika hivyo ili msije mkadhani kosa lililokuwamo ndani ya kengele ile lilikuwa jambo la wazi. Halikuwa wazi kwangu, mimi Msafwa wa hapa hapa niliyekulia kati ya Wanyakyusa. Halikuwa wazi kwa fundi. Ilihitajika mtu wa kutoka mbali.

Mtu huyo alikuja. Kijana alivuta jiko, tena si hapa. Alimpata Iringa, binti wa Kihehe wa Kalenga, mwembamba, mrefu kuliko alama zetu za chaki, mwenye kazi yake ya kuoka keki za harusi. Wakakubaliana kwamba kwa kuwa Mgololo kijana ana chumba cha kulala tu, yeye akae Mbeya kwa baba mkwe, aokee huko, na mume awe anakuja akiwa na mapumziko. Nilimuuliza baadaye kama hakuogopa kuja kukaa na mzee asiyemjua. Akasema, "Dada, nilitumiwa picha ya jiko. Ningekataa vipi?"

Alifika na oveni yake, sufuria ya presha ya umeme, birika, mashine ya kusagia na mashine ya kupigia mayai. Siku hiyo hiyo alichomeka vyote na kuwasha vyote kwa pamoja. Mimi nilikuwa dirishani. Mzee alikuwa kibarazani. Nikamwona anainuka, anawasha taa ya kibarazani mchana kweupe, anaitazama. Taa haikutetemeka. Akaizima, akaketi, akafungua Biblia yake kwenye ukurasa ambao, nina hakika, hakuusoma.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake njema. Kesho yake akabonyeza kengele.

Sasa sikilizeni. Kwa Wahehe, kama kwa watu wengi tu, mkwe anamheshimu baba mkwe kwa kumwendea. Anamsalimu akiwa amepiga goti, macho chini, anasubiri aambiwe. Na kengele ikilia ndani ya nyumba ya mzee, mwenye kulelewa anajua maana yake. Maana yake ni njoo.

Kengele ikalia. Mzee akafungua mlango wake, akatia mguu koridoni. Binti akatoka jikoni mbio akifuta mikono kwenye kanga.

"Abee, baba! Kamwene!"

Akapiga goti katikati ya korido.

Mzee akarudi chumbani, akafunga mlango.

Binti akangoja pale. Akaona mlango haufunguliwi. Akarudi jikoni. Mzee alipohisi njia imesafishika, akabonyeza tena ili kuwa na uhakika. Binti akaja tena.

"Abee, baba!"

Wakaishi hivyo wiki nyingi. Kadiri alivyokuja ndivyo Mzee alivyoona hajasikia vizuri, akabonyeza kwa muda mrefu zaidi. Kadiri kengele ilivyolia kwa muda mrefu ndivyo binti alivyoona amechelewa, akaja mbio zaidi. Mimi huku dirishani nilisikia kengele, nikasikia abee, nikasikia mlango ukibamizwa, nikasema moyoni kumbe Mzee amekuwa mtu wa kuagiza agiza uzeeni. Mzee akaanza kwenda bafuni kwa kuzunguka nje, akipita kibarazani, akizunguka nyumba na koti lake kwenye mvua. Alikonda. Binti naye aliunguza keki mbili za watu kwa kukimbilia kengele.

Mtauliza kwa nini hawakuambiana. Mzee hakuweza kumwambia, maana mila yenyewe ndiyo inakataza kuzungumza naye. Alimwachia mwanawe. Mwanawe aliona aibu kumweleza mke wake msomi wa keki kwamba anatakiwa kumkimbia baba, akamwambia tu, "Baba ni mkimya, mzoee." Basi.

Siku binti alipofunga begi, alikuja kwangu kuaga. Hakuwa analia. Wahehe wana namna yao ya kukasirika, wanakuwa na adabu zaidi.

"Dada, nimekuja kukuaga. Nimempigia mume wangu nimemwambia narudi Kalenga. Jiko ni zuri, sijawahi kuona jiko kama lile. Ila baba hanitaki."

"Nani kakwambia?"

"Ananiita mwenyewe. Kutwa anapiga kengele. Nikienda, nikipiga magoti, ananifungia mlango usoni. Hata mbwa ukimwita unamtupia kitu."

Ndipo mimi, mwanafunzi wa Fizikia niliyeachana nayo kwa amani, nikaona waya ulipoungua. Nikamwambia, "Kaa kidogo. Hiyo kengele haikuiti."

Nikamweleza yote: korido, migomba, kikohozi, heshima. Alisikiliza akiwa ameshika begi. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo anapiga ili nimkimbie?"

"Ndiyo."

"Na mimi ninamfuata?"

"Kwa magoti."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Nataka nimsikie mwenyewe. Siondoki kwa maneno ya dirishani, wala sibaki kwa maneno ya dirishani. Samahani, dada."

Nikaipokea. Nikaenda naye. Mzee alikuwa sebuleni. Nikamsimamisha binti jikoni, mimi nikakaa koridoni katikati, nikawa kama ile swichi. Nikasema kwa sauti, "Mzee, mkweo anafunga safari kurudi Kalenga. Anadhani unamfukuza."

 Kiti kikalia.

"Mwambie," Mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya kikao, "sijamfukuza. Mwambie nyumba hii niliitindua kwa ajili yake. Mwambie kengele inasema napita, nipishe. Ni heshima."

Kabla sijafungua mdomo binti akajibu mwenyewe kutoka jikoni, kwa upole kabisa.

"Baba, mimi kwetu kengele inasema njoo. Hata kanisani kwako, baba, kengele inasema njoo."

Jamani, mfikirieni Mzee. Mtu aliyekuwa mzee wa kanisa kwa miaka yote ile, aliyenunua kengele ya kanisa mwenyewe akiwa mwenyekiti wa kamati, aliyepanga paipu tupu kwa ajili ya mashine zisizovumbuliwa. Nikamsikia anapumua. Halafu akasema, polepole, kama anasoma kumbukumbu za kikao:

"Hilo sikulipanga."

Binti akafungua begi. Kesho yake fundi mwenye maneno mengi aliitwa akaitoa kengele, na kwa mara ya kwanza hakusema neno, maana Mzee alisimama nyuma yake muda wote. Njia ya bafu wakaisuluhisha kwa namna ambayo hakuna kamati ingeipitisha: Mzee akitaka kupita anaimba. Anaanza wimbo wa kanisa chumbani, binti anajua. Ubaya ni kwamba Mzee hana sauti. Uzuri ni kwamba binti anayo, na siku nyingine nasikia wimbo unaanzia mbele ya nyumba kwa sauti ya chuma na unamaliziwa jikoni kwa sauti ya mtu, na mlango wa jiko unafungwa kwenye ubeti wa pili.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa msimu wa baridi, Julai ile ambayo maji ya ndoo yanakuuma vidole. Nilikwenda na sweta la mtoto nililoagizwa, maana tumbo la binti lilikuwa limekwisha kuonekana. Nikapita uani. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wa jiko, mgongo ukielekea ndani, anamenya maharage mabichi kwenye ungo. Ndani, binti alikuwa na ghorofa ya mwisho ya keki ya harusi kwenye oveni, keki ya ghorofa tatu ya mteja wa mjini atakayekuja kuichukua jioni. Mlango ulikuwa wazi ili joto la oveni limfikie Mzee. Hawakutazamana. Walikuwa wanazungumza na jiko.

"Jiko," binti anasema, "mwulize baba kama maharage yametosha."

"Jiko," Mzee anasema, akitazama ukuta wa uzio, "mwambie aliyekuwasha bado kidogo."

"Jiko, mwambie baba sukari yake daktari amekataza, asinitume dukani."

"Jiko, mwambie nimelipokea."

Nikavuta kigoda nikaketi mbele ya Mzee, nikachukua ganda moja, nikajifanya nafanya kazi. Nilikuwa nimekaa vizuri. Na hapo umeme ukakatika mtaa mzima.

Taa ya oveni ikazima. Mashine ya mayai ikalia mlio wa kufa, ikanyamaza. Nikamsikia binti akiikimbilia oveni. Ile keki ilikuwa katikati ya kuiva, na keki iliyokatishwa hukaa chini, haiinuki tena, kila mwokaji anajua. Keki za namna ile ndizo zilizokuwa zimemtangaza mjini. Akingoja, anaweza kuharibu. Akifungua, ameharibu. Wala hakuwa na jiko la kuliuliza, maana lilikuwa limezima.

Akasimama mlangoni, nyuma kabisa ya mgongo wa Mzee. Niliona kivuli chake kikimwangukia begani. Hakuna aliyeimba.

"Baba," akasema. "Nifanyeje?"

Mzee hakugeuka. Mikono ikasimama juu ya ungo. Nikamwona anatafuta mtu wa kumpitishia jibu. Akaniangalia mimi, akaangalia ukuta, akaangalia maharage.

"Usiifungue, mwanangu," akasema. "Oveni hiyo ina kuta nene. Ina moto wake yenyewe. Ukiacha mlango umefungwa itaendelea kupika. Njoo ukae, uache kuitazama."

Binti hakusogea.  Mzee masikio yakamwiva, akakohoa kile kikohozi cha wazee, akachukua ganda jingine la maharage.

"Nilikuwa nasema na jirani," akasema.

Tangu nimjue, Mzee wa Kanisa hajawahi kuniita mwanangu hata siku moja. Nikainama kwenye ungo ili asinione uso.

"Ndiyo, baba," nikamjibu. "Nimekusikia."

Nikasogeza kigoda changu kando, na binti akaja akaketi.